Zulia la Kiajemi Lililochakaa: Anza Pembeni, na Gundi Iweke Mbali

Zulia la Kiajemi huanza kufa pembeni. Wengi wetu tukilitazama zulia la zamani tunakodolea macho katikati, pale manyoya yalipolika na rangi kupauka, tukadhani hapo ndipo penye ugonjwa. Kulika katikati ni uzee tu, na zulia huweza kuzeeka hivyo miaka mingi bila kuharibika zaidi. Lakini matamvua yakishakatika na nyuzi za ukingoni zikaanza kutoka, zulia limeanza kujifumua lenyewe. Kila mguu unaojikwaa pale na kila mfagio unaopita unaondoka na kipande. Ukiliwahi likiwa limefumuka sentimita moja au mbili, ni kazi ya jioni moja na uzi wa bei ndogo. Ukingoja mpaka maua ya pindo yameingiliwa, utahitaji fundi, tena fundi wa kumtafuta kwa tochi.

Mazulia haya si wageni kwetu. Majahazi ya Ghuba na Uajemi yalishuka na kaskazi yakitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, yamepakia tende, masanduku na mazulia, kisha yakarudi na kusi yamesheheni boriti za mikoko. Baadhi ya yale yaliyoteremshwa bandarini bado yametandikwa sebuleni kwa wajukuu wa walionunua. Mengine yamekuja juzijuzi kwenye mzigo wa ndege kutoka Dubai au Maskati. Yote kwa pamoja yana adui wale wale, na dawa ni ile ile.

Ila kabla ya kutafuta sindano, hakikisha unacho unachodhani unacho. Madukani neno “la Kiajemi” hubandikwa zulia lolote lenye maua na nakshi, na mengi ya hayo ni ya mashine, yaliyofumwa kwa nyuzi za plastiki. Geuza pembe moja utazame mgongoni. Zulia lililofumwa kwa mkono huonyesha mchoro mgongoni waziwazi, kifundo kwa kifundo, na safu zake hazinyooki sawasawa kama mistari ya daftari. Kisha tazama matamvua. Kwenye zulia la mkono, matamvua ni ncha za nyuzi zile zile zinazopita ndani ya zulia zima kutoka mwanzo hadi mwisho; kwenye mengi ya mashine, yameshonewa juu baadaye. Ukibaki na shaka, chomoa nyuzi mbili tatu za manyoya uziguse na kiberiti juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Plastiki huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Ikiwa ni plastiki, lioshe upendavyo na usome kurasa nyingine.

Harufu ile ya nywele uikumbuke, kwa sababu ndiyo itakayokuongoza katika karibu kila uamuzi. Sufu ni nywele za kondoo. Kinachoharibu nywele zako kinaharibu zulia, na kile ambacho hukithubutu kichwani mwako usikimwage sakafuni.

Sasa tujue limejengwaje. Kwenye kitanda cha mfumi hutandazwa kwanza nyuzi za mtande, za pamba mara nyingi, za sufu kwa mazulia ya wafugaji wanaohamahama kama Waqashqai wa mkoa wa Fars, na za hariri kwa yale ya kifahari. Juu ya nyuzi mbili mbili za mtande mfumaji hufunga kifundo cha sufu na kukikata. Ncha zake ndizo manyoya tunayoyakanyaga. Akimaliza safu ya vifundo hupitisha uzi wa mshindo kukingamana na mtande, akaushindilia kwa kitana kizito, kisha huanza safu nyingine. Yaani manyoya ni nguo tu. Mtande na mshindo ndio mifupa. Nguo ikichakaa mtu haumwi. Mfupa ukivunjika ndipo pana kazi.

Utaona pia kwamba manyoya hayaliki sawa. Kwenye mazulia mengi ya zamani, nyuzi za kahawia iliyokolea na nyeusi zimezama chini kuliko rangi zinazozizunguka, mpaka ua jekundu linaonekana limeinuka kama limechongwa. Hilo halikutokana na viatu. Rangi hizo zilipikwa kwa maji yenye chuma, na chuma hula sufu polepole kadiri miaka inavyokwenda. Usijaribu kuzijaza. Vivyo hivyo usisumbuke na mistari ya wekundu hafifu ndani ya wekundu mkali. Mfumaji aliishiwa na uzi wa pishi moja la rangi akaingia pishi jingine. Wauzaji huiita abrash, na wapo wateja wanaoitafuta.

Kanuni moja inatosha kwa mtu wa nyumbani: usifanye jambo ambalo fundi atakayekuja baada yako hawezi kulitengua kwa mkasi mdogo bila kuumiza zulia. Mshono hutenguliwa. Gundi haitenguliki. Gundi ikikauka huwa ngumu, zulia likikunjwa hupasuka, na ikipasuka huvunja nyuzi za mtande ilizozishika. Hapo eneo lote hukatwa na kutupwa. Mkanda wa kubandika kwa pasi ni gundi vilevile, na mpira wa maji unaopakwa mgongoni ni gundi vilevile.

Hata wakubwa wa kazi hii waliwahi kufanya mambo ambayo leo yasingekubalika. Zulia mashuhuri la Ardabil, lililoko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London, lina maandishi yanayotaja mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540. Urefu wake unapita mita 10, na kila eneo la sentimita 10 kwa 10 lina vifundo vipatavyo 5,300. Yalikuwa mawili, pacha. Yalipofika mikononi mwa wafanyabiashara wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 yalikuwa yamechakaa, wakaamua kulikata moja ili kulitia viraka la pili. Lililopona likanunuliwa na jumba hilo mwaka 1893 kwa pauni 2,000. Lililokatwa liko Los Angeles, halina pindo. Kwa utunzaji, leo hawana mchezo: zulia la London limefunikwa kwa kioo, na taa zake huwashwa dakika 10 tu kila saa na kila nusu saa, ili mwanga usizidi kula rangi. Sebule yako haihitaji ukali huo. Ila pazia la dirisha la magharibi linagharimu kidogo kuliko zulia.

Tuanze na usafi, maana huwezi kushona juu ya uchafu. Kinachokata manyoya zaidi ni mchanga uliozama chini kwenye vifundo, ambao mfagio haufiki. Lilaze zulia kifudifudi juu ya sakafu safi, ulipigepige mgongoni kwa kiganja, uliinue na ufagie kilichodondoka. Utashangaa. Rudia mpaka kisidondoke kitu. Kisha ligeuze, upitishe mashine ya kufyonza vumbi isiyo na brashi inayozunguka, kwa kufuata manyoya yanakolala. Ukipapasa kwa kiganja utajua, upande mmoja ni laini na wa pili unakwaruza. Usiipitishe kwenye matamvua, mashine huyang'oa. Na ile desturi ya kulianika zulia ukutani likachapwa kwa fimbo, yaachie mazulia mapya. La zamani, mtande wake wa pamba umekauka, na fimbo moja huweza kukata nyuzi ambazo hutaona zimekatika mpaka mwezi ujao.

Wakati limelala kifudifudi, tafuta nondo. Kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu unayemwona akiruka hali chochote. Wanaokula ni watoto wake, viwavi weupe wasiozidi ukubwa wa punje ya mchele, nao hupenda giza na utulivu: chini ya kochi, chini ya kabati, pembeni ambapo hapafagiliwi. Alama zao ni utando, vumbi la chengachenga lenye rangi ya zulia, na sehemu zilizonyolewa hadi mtande kubaki mtupu, kwa kuwa pamba hawaili. Karafuu, karafuu maiti, moshi wa udi: vyote vitanukiza nyumba, na viwavi wataendelea na chakula chao. Zulia dogo lifunge ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kubwa lifyonzwe pande zote mbili mara kwa mara, litolewe kwenye mwanga, na kochi lisogezwe. Kizuri zaidi kuliko dawa ya kunyunyiza ni kutowaachia viwavi mahali pa kutulia.

Sasa ukingo wenyewe. Utahitaji sindano nene isiyo na ncha kali sana, uzi wa pamba wenye nguvu uliopakwa nta ya nyuki, na kastabani, kwa sababu bila kastabani kidole kitakukatalia kazi baada ya robo saa. Kaa mahali penye mwanga, zulia mezani, mgongo juu. Tazama mwisho wake kwa karibu. Utaona nyuzi za mtande zilizobaki, nyingine ndefu, nyingine zimekatikia kwenye kifundo. Na kati yake uzi wa mshindo wa mwisho uliolegea, unaoteleza ukiugusa kwa ukucha. Huo ndio wa kufungwa. Ingiza sindano kati ya nyuzi mbili za mtande, nusu sentimita ndani ya zulia, itokee upande wa pili, uzungushe uzi juu ya ukingo, upitishe ndani ya kitanzi na uvute. Sogea nyuzi mbili za mtande mbele, fanya tena. Lakini mshono huu ingia nusu sentimita, unaofuata ingia zaidi kidogo, wa tatu upungue. Mishono yote ikiingia kina kimoja itabeba uzito kwenye mstari mmoja wa mshindo, na zulia litachanika hapo hapo ulipolishona. Wala usivute kwa nguvu: ukingo ukianza kujikunja au kuwa na mawimbi, umekaza mno.

Safu ya mwisho ya vifundo ikiwa imebaki vipande vipande, mafundi wengi hufumua hadi wapate mstari ulionyooka kisha hushona. Mimi sishauri hivyo kwa mtu wa nyumbani. Shona juu ya ulichokikuta, hata kama mstari umepinda. Kilichopinda kinaweza kunyooshwa siku nyingine, kilichofumuliwa hakirudi. Na usinunue matamvua ya dukani uyashonee kwa cherehani. Sindano ya cherehani hutoboa nyuzi za mtande badala ya kupita kati yake, na matamvua yale mapya huficha ukingo ambao unaendelea kufumuka chini yake bila wewe kujua.

Ubavuni mambo ni mepesi zaidi. Kando ya zulia kuna kamba ya mtande iliyozungushiwa sufu, na sufu hiyo ndiyo hulika kwanza kwa kukanyagwa na kukwaruzwa na milango. Maadamu kamba yenyewe haijakatika, zungushia sufu mpya: sindano ipite kati ya kamba na vifundo vya kwanza, izunguke nje, irudi, kila mzunguko ukiegemea mwenzake bila kupandana. Anzia sentimita mbili ndani ya sehemu nzima na umalizie vivyo hivyo. Shida kubwa itakuwa uzi. Uzi mwingi wa kufumia masweta unaouzwa madukani ni akriliki, hata ukiwa laini vipi. Jaribu kwa kiberiti kabla hujalipa kifurushi kizima. Rangi ichague iliyofifia kidogo kuliko unavyodhani, na uichague mchana, mlangoni, siyo chini ya taa ya duka.

Tundu ni habari nyingine. Kulijaza tundu kwa vifundo vipya maana yake ni kuingiza mtande mpya ndani ya zulia kutoka kila upande, kupitisha mshindo, kisha kufunga vifundo kwa kufuata mchoro na aina ya kifundo cha asili. Maana vipo viwili, kimoja kinachozunguka nyuzi zote mbili za mtande na kingine kinachozunguka moja na kupita nyuma ya pili. Nchini Iran hiyo ni kazi ya watu wanaoitwa rofugar, na hujifunzwa kwa miaka. Kazi yako ni kulizuia tundu lisikue. Chukua kipande cha kitambaa cha marekani, kifuliwe kwanza mpaka kimalize kunywea, kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kiweke mgongoni, ukishikize kwa mishono mikubwa inayopita kati ya vifundo. Kisha geuza, uzilaze nyuzi zilizolegea zilivyokuwa, kila moja ukiibana juu ya kitambaa kwa mishono midogo ya kukatisha. Usikate hata uzi mmoja. Ndio ramani ya fundi. Marekani nyeupe ikikukera macho, tumia kitambaa cha pamba cha rangi iliyokolea, mradi umehakikisha hakichuji.

Pale manyoya yalipolika na mtande kuonekana, wapo watakaokwambia upake rangi kwa kalamu ya wino ule weupe uondoke. Huo ni ujanja wa wauza mazulia wa miaka mingi, na tiba yake ni kitambaa cheupe kibichi: pitisha unaponunua, kikitoka na rangi mahali pamoja tu, umeshajua. Usilifanyie zulia lako.

Maji yaogope. Kabla ya yote jaribu rangi: kandamiza kitambaa cheupe kibichi juu ya kila rangi kwa dakika kadhaa, nyekundu na bluu iliyokolea zikiwa za kwanza kushukiwa. Rangi ikihamia kitambaani, hakuna kuosha nyumbani. Isipohama, pangusa tu: kijiko kidogo cha shampuu ya watoto ndani ya lita moja ya maji ya baridi, kitambaa kikamuliwe, kipite kwa kufuata manyoya, kisha kitambaa kingine chenye maji yaliyotiwa siki nyeupe kidogo. Sabuni ya unga, sabuni ya kipande na magadi ni vikali kwa sufu kama vilivyo vikali kwa nywele, na jiki huiyeyusha kabisa. Kulilowesha zulia zima ni jambo la kufikiri mara mbili, hasa pwani. Likiloa hushinda nguvu za watu wawili, halikauki kwa siku moja, na mtande wa pamba uliokaa na unyevu huoza. Ukilikunja pembe ukasikia mlio wa kukatika, limeshaoza ndani, na hapo sindano haina la kufanya. Adui mkubwa wa aina hii ni chungu cha maua kilichowekwa juu ya zulia. Hakivuji, utasema. Kinavuja.

Kikimwagika kitu, kandamiza kwa kitambaa kikavu kuanzia nje kuelekea katikati. Kusugua hukisukuma ndani. Mkojo wa mtoto au paka uwahiwe palepale kwa maji ya baridi, kisha siki iliyochanganywa na maji, kwa maana ukikauka huzifanya rangi zichujike. Nta ya mshumaa igandishe kwa barafu uibandue. Hina haitoki. Sufu ni nywele, na hina ikishashika nywele imeshika; siku ya kumpaka bibi harusi hina, zulia lipelekwe chumba kingine. Manjano ya mchuzi nayo ni karibu sawa na hina.

Mengine ni ya kawaida. Ligeuze kichwa na miguu kila baada ya miezi sita, ili pasikanyagwe upande mmoja. Chini yake tandika kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa au mkeka usioteleza, hasa kwenye vigae. Linapohifadhiwa, liviringishe, usilikunje. La Bijar hasa, ambalo mshindo wake umeshindiliwa hadi likawa gumu kama ubao, likikunjwa huvunjika mtande. Lifunge kwa shuka la pamba, siyo plastiki inayofungia unyevu ndani.

Ukifika kwa fundi, usimuulize bei kwanza. Muulize kifundo cha zulia lako ni cha aina gani, na akuonyeshe mgongoni. Muulize uzi atakaotumia ni wa nini, na akupe kipande ukichome. Muulize tundu atalifungaje. Akikutajia gundi, viringisha zulia lako urudi nalo nyumbani.